Mapapa watatu kwa mpigo: Pisa iliharibu, Konstanz ikatengeneza (farakano la 1378–1417)

#1 Mzee wa Maktaba

Wakuu, kwenye uzi wa konklave (kikao cha makardinali cha kumchagua papa) kuna mdau aliuliza kama imewahi kutokea Kanisa Katoliki likawa na mapapa wawili kwa wakati mmoja. Jibu fupi: liliwahi kuwa na watatu, na hali hiyo ilidumu miaka. Jibu refu ndilo hili, kaeni mkao wa kula.

Niweke msimamo wangu mapema ili wenye kubisha wajue pa kuanzia. Mtaguso (mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa) wa kwanza ulioitishwa kumaliza ugomvi huu, wa Pisa mwaka 1409, ulizidisha tatizo kwa sababu ulikimbilia kuhukumu na kuchagua kabla viti havijawa wazi. Ule wa Konstanz, 1414 hadi 1418, ulifaulu kwa sababu ulivifanya viti viwe wazi kwanza, na lile swali la nani hasa alikuwa papa halali ukaliacha lipite pembeni.

Chanzo. Tangu 1309 mapapa walikuwa wakikaa Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo. Gregori XI akarudi Roma Januari 1377, akafariki 27 Machi 1378. Makardinali 16 waliokuwepo Roma wakaingia kwenye konklave: Wafaransa 11, Waitalia 4, na Mhispania mmoja aitwaye Pedro de Luna. Huyo Pedro mumweke akilini, atatusumbua hadi mwisho wa uzi.

Nje umati unapiga kelele: tunataka Mroma, au walau Mwitalia. Waroma hawakuwa wehu. Papa akiwa Mfaransa, kesho yuko njiani kurudi Avignon, na mji unabaki na magofu, bila mahujaji wala biashara. Ndani nako Wafaransa wenyewe hawaelewani. Mwisho wakaafikiana juu ya mtu ambaye hata kardinali hakuwa: Bartolomeo Prignano, askofu mkuu wa Bari, mchapakazi wa ofisi za kipapa, mtulivu, asiye na makuu. Ilikuwa 8 Aprili.

Kabla jina halijatangazwa, umati ukavunja na kuingia. Makardinali kwa woga wakamchukua mwenzao Francesco Tebaldeschi, mzee, mgonjwa, lakini Mroma, wakamvisha mavazi ya kipapa na kumkalisha kitini ili watu wamshangilie. Mzee analalamika kwamba papa si yeye, watu wanambusu miguu, na wenzake huku wanatafuta milango. Baadhi walikimbilia ngome ya Malaika Mtakatifu, wengine nje ya mji.

Mambo yalipotulia wakarudi. Wakamsimika Prignano kwa jina la Urbano VI, wakamvika taji siku ya Pasaka, 18 Aprili, na kesho yake wakawaandikia wenzao waliobaki Avignon kwamba uchaguzi umefanyika na papa ni huyu. Barua hiyo iwekeni pembeni, ni ushahidi mzito.

Shida ni kwamba yule mtulivu wa Bari alipopanda kiti akageuka. Akawa anawafokea makardinali mbele za watu, anawatukana, anawaambia anasa zao basi. Kwenye hoja ya anasa, mimi binafsi naona alikuwa sahihi. Kwa namna alivyolisema, aliwapoteza wote. Joto la kiangazi lilipoanza wakaomba ruhusa ya kwenda Anagni kupunga upepo, mmoja baada ya mwingine. Agosti wakatangaza kutoka huko kwamba uchaguzi wa Aprili ulikuwa batili kwa kuwa walichagua chini ya hofu ya kifo. Tarehe 20 Septemba 1378, mjini Fondi, wakamchagua Robert wa Geneva, akaitwa Klementi VII. Huyu ndiye aliyekuwa mjumbe wa papa wakati askari wa kukodiwa walipowachinja wakazi wa Cesena mwaka uliotangulia. Baadaye akahamia Avignon.

Naendelea, nipeni muda.

#2 mchunguzi255

Tupo mkuu, tiririka. Ila mimi nakwama hapo hapo. Kama kweli walikuwa na hofu ya kuuawa, si uchaguzi ni batili kweli? Kosa lao liko wapi?

#3 Sheria Kwanza

Hoja ya mchunguzi255 si ya kubeza. Lakini angalia walivyofanya baadaye. Mtu akishikiwa panga asaini mkataba, mkataba huo anaweza kuupinga. Akishaachiwa, akaenda nyumbani, akauandikia barua ya kuusifu, akapokea manufaa yake miezi mitatu, halafu ndipo akumbuke panga, mahakama yoyote itamtazama kwa jicho la pembeni. Wale makardinali waliomba upendeleo na vyeo kutoka kwa Urbano huyo huyo waliyesema si papa.

Pia tusisahau kwamba migogoro ya mapapa wawili haikuanzia hapo. Mwaka 1046 mfalme Heinrich III wa Ujerumani alikuta watu watatu wanadai kiti, akaitisha sinodi Sutri, akasafisha uwanja na kumweka askofu wa Bamberg, Klementi II. Baada ya farakano la 1159, kati ya Aleksanda III na Viktor IV, ndipo Mtaguso wa Tatu wa Laterano wa 1179 ukaweka kanuni ya theluthi mbili ya kura za makardinali. Kabla ya hapo kulikuwa na ubishi wa "sehemu iliyo kubwa na iliyo bora" ya wapiga kura, na kila upande unajiona ndio bora. Kanuni ya theluthi mbili ilitibu ugonjwa wa kura kugawanyika. Ya 1378 ilikuwa ngeni kwa sababu ni makardinali wale wale, chombo kile kile, waliochagua mara mbili.

#4 Mzee wa Maktaba

Sheria Kwanza umenirahisishia kazi. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo kiini. Mafarakano ya zamani mengi ni kaisari kumpandikiza mtu wake, watu wanajua nani wa kupandikizwa. Safari hii waliosema "ndiyo huyu" na waliosema "siye" ni mashahidi wale wale.

Ulaya ikagawanyika, na kwa kweli iligawanyika kisiasa kuliko kiimani. Ufaransa ikaenda kwa Klementi wa Avignon. Uingereza, iliyokuwa vitani na Ufaransa, ikabaki na Urbano wa Roma. Uskoti, adui wa Uingereza, ikaenda Avignon. Castilla, Aragon na Navarra, falme za Hispania, nazo zikaishia Avignon baada ya kusitasita. Sehemu kubwa ya Ujerumani, Hungaria, Polandi na nchi za Skandinavia zikabaki na Roma. Ureno ilikuwa inahama hama.

Msidhani ni wajinga tu waliochanganyikiwa. Mt. Katarina wa Siena alimtetea Urbano kwa nguvu zote. Mt. Vinsenti Ferrer alikuwa upande wa Avignon na akawa muungamishi wa papa wa huko. Watakatifu wawili, Wadominiko wote, kila mmoja kwa papa wake. Kuna majimbo yaliyokuwa na maaskofu wawili, na mashirika ya kitawa yenye wakuu wawili.

Kwa nini hawakukaa wakaamua? Kwa sababu sheria ya Kanisa ilikuwa na kanuni kongwe kwamba kiti cha kwanza hakihukumiwi na mtu yeyote. Papa ndiye mwenye kuitisha mtaguso mkuu. Sasa yupi auitishe? Akiuitisha wa Roma, wa Avignon hatatokea, na kinyume chake. Na mtaguso usioitishwa na papa si mtaguso. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Ufa ulikuwa mmoja tu. Kwenye mkusanyo wa sheria wa Gratian, wa karne ya 12, kanuni hiyo ina mkia: papa hahukumiwi na yeyote, "isipokuwa akionekana amepotoka katika imani". Wanasheria walipita hapo hapo. Mapema, ndani ya miaka michache tu ya farakano, wanazuoni wawili wa Kijerumani waliokuwa Paris, Konrad wa Gelnhausen na Heinrich wa Langenstein, waliandika kwamba kukitokea dharura ambayo mtunga sheria hakuiwaza, Kanisa zima linaweza kukutana bila kusubiri wito wa papa. Wakati ule ilionekana ni hoja ya hatari. Miaka 30 baadaye ikawa ndiyo pekee iliyobaki.

#5 Nyakato

Mzee wangu nakusoma kwa makini. Swali la kijinga labda: kwa nini wasingengoja mmoja afe, halafu upande wake ukatae kuchagua mwingine? Mchezo umeisha.

#6 Mzee wa Maktaba

Dada, si la kijinga hata kidogo, wafalme wa Ufaransa waliwaza hivyo hivyo. Urbano alifariki 1389. Kwa njia, mwaka 1385 alikuwa amewakamata makardinali wake sita kwa tuhuma za njama na kuwatesa. Watano hawakuonekana tena. Aliponea mmoja, Mwingereza Adam Easton. Alipokufa, makardinali wa Roma wakachagua upesi Bonifasi IX. Klementi wa Avignon akafariki Septemba 1394, mfalme wa Ufaransa akaandika barua ya kuwasihi makardinali wasubiri. Inasemwa barua ilipofika waliamua kutoifungua hadi wamalize kuchagua. Walichofanya ni kula kiapo: atakayechaguliwa atafanya kila liwezekanalo kuleta umoja, hata kujiuzulu. Kisha wakamchagua aliyekuwa hodari kuliko wote wa kuhubiri umuhimu wa kujiuzulu. Mnamkumbuka Pedro de Luna? Akawa Benedikto XIII, na hakujiuzulu mpaka kaburini.

Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Paris kilikuwa kimekusanya maoni ya wasomi wake, na yakatoka na njia tatu: wote wawili wajiuzulu, au waweke wasuluhishi na kukubali uamuzi wao, au uitishwe mtaguso mkuu. Kila njia ilijaribiwa, na mtaguso ukawekwa mwisho kwa sababu ndio uliotisha zaidi. Mwaka 1398 Ufaransa ikajaribu hata kugoma: ikaacha kumtii Benedikto, akazingirwa ndani ya jumba lake Avignon. Alivumilia, akatoroka Machi 1403, na Ufaransa ikarudi kumtii. Mtu wa chuma.

Upande wa Roma, mwishoni mwa 1406 wakamchagua Mvenisia mzee wa karibu miaka 80, Angelo Correr, Gregori XII, naye kwa kiapo kama kile. Wakapanga wakutane Savona mwaka 1407 wajiuzulu pamoja. Benedikto akaja kwa meli hadi Portovenere. Gregori akaja kwa nchi kavu hadi Lucca. Hapo kati yao zimebaki siku chache tu za safari, na hakuna aliyesogea. Leonardo Bruni, aliyekuwa katibu kwenye ofisi ya Gregori na kuyaona yote, aliandika kwa kejeli kwamba mmoja alikuwa kama mnyama wa nchi kavu anayeogopa maji, na mwingine kama mnyama wa majini anayeogopa ufuko.

Makardinali wa pande zote mbili wakachoka. Wakawaacha mabwana zao, wakakutana Livorno 1408, wakaitisha mtaguso Pisa.

#7 Mzee wa Maktaba

PISA. Ulifunguliwa 25 Machi 1409. Mapapa wote wawili wakaitwa milangoni mwa kanisa kuu kwa sauti, kama washtakiwa, hakuna aliyetokea. Tarehe 5 Juni mtaguso ukatoa hukumu: wote wawili ni wafarakanishi wakaidi, na ukaidi wa namna hiyo ni sawa na uzushi, kwa hiyo wamepotoka katika imani, kwa hiyo kiti ki wazi. Mmeona ule mkia wa Gratian ulivyotumika? Kisheria ni kazi safi sana.

Tarehe 26 Juni makardinali wakamchagua Pietro Filargo, Mfransisko mzaliwa wa Krete, askofu mkuu wa Milano. Akaitwa Aleksanda V. Ufaransa, Uingereza na sehemu kubwa ya Italia na Ujerumani zikamfuata.

Lakini Benedikto bado alikuwa na Hispania na Uskoti. Gregori bado alikuwa na ufalme wa Napoli, na baadhi ya watawala wa Ujerumani akiwemo mfalme wao Ruprecht. Mtaguso uliwavua vyeo kwenye karatasi, ila haukuwa na namna ya kuwavua wafuasi. Matokeo: walikuwa wawili, sasa watatu. Aleksanda akafariki Mei 1410 huko Bologna, na badala ya kutulia, makardinali wake wakamchagua Baldassarre Cossa, mtu wa vita na fedha kuliko wa sala, rafiki wa familia ya mabenki ya Medici. Akaitwa Yohane XXIII.

#8 kijana_tabora

Subiri kwanza. Yohane XXIII si ndiye aliyeitisha Vatikano II? Na ndiye aliyempa ukardinali Rugambwa wetu wa Bukoba?

#9 Mzee wa Maktaba

Huyo ni mwingine. Aliyemteua Laurian Rugambwa kuwa kardinali Machi 1960 ni Angelo Roncalli, aliyechaguliwa Oktoba 1958. Alipolichukua jina la Yohane akajiita wa XXIII, na kwa kufanya hivyo namba ya Cossa ikawa imefutwa. Kabla ya hapo mapapa walilikwepa jina hilo zaidi ya miaka 500. Kichekesho ni kwamba Aleksanda V hakufutwa kwa mtindo huo: Rodrigo Borgia alipochukua jina hilo 1492 alijiita wa VI, kana kwamba wa V alikuwa halali. Kwenye orodha ya Vatikani leo mapapa wa enzi hizo ni wale wa mstari wa Roma, na namba za wengine zimebaki zimevurugika tu.

#10 Mlutheri wa Njombe

Nangoja kwa hamu ufike Konstanz, maana huko ndiko walikomchoma Jan Hus, yule padre wa Bohemia (Ucheki ya leo). Usiruke.

#11 Mzee wa Maktaba

Siruki.

KONSTANZ. Tofauti ya kwanza na Pisa ina jina: Sigismund, mfalme wa Hungaria na mfalme mteule wa Wajerumani. Mwaka 1413 Yohane XXIII alifukuzwa Roma na majeshi ya mfalme Ladislaus wa Napoli, akahitaji mlinzi. Sigismund akamwambia ulinzi upo, ila uitishe mtaguso, na si Italia. Uwe Konstanz, mji mdogo kando ya ziwa, ndani ya himaya yangu. Yohane akatia saini Desemba 1413.

Ulrich Richental, mkazi wa mji huo aliyeandika kumbukumbu za mtaguso, anasimulia kwamba gari la Yohane lilipinduka kwenye theluji huko Arlberg, papa akabaki amelala chini akitaja jina la shetani. Na alipouona mji kwa mbali pale bondeni akasema, hivi ndivyo mbweha wanavyonaswa. Richental huyo huyo ametuachia habari za bei za vyakula na za waokaji waliosukuma majiko yao juu ya mikokoteni mitaani, wakiuza mikate na andazi za nyama moto moto kwa wageni. Maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika: maaskofu, mabwana, waandishi, wapiga tarumbeta, makahaba.

Mtaguso ulifunguliwa 5 Novemba 1414. Yohane alikuwa amejaza maaskofu wa Kiitalia, anahesabu vichwa. Wakija kupiga kura mmoja mmoja, Gregori na Benedikto wanahukumiwa tena, yeye anabaki. Mapema 1415 ujanja huo ukavunjwa: kura zikawa za mataifa. Taifa la Italia kura moja, Ufaransa moja, Ujerumani moja (ndani yake Wapolandi, Wahungaria na Waskandinavia), Uingereza moja. Waingereza walikuwa wachache sana lakini kura yao ina uzito sawa na ya Waitalia wote. Tena ndani ya mataifa hayo walipiga kura hata madaktari wa teolojia na wa sheria. Kwangu mimi hiki ndicho kilichoamua mambo, kuliko hotuba zote za wanateolojia wa Paris, Jean Gerson na Pierre d'Ailly.

Yohane akaona maji yamezidi unga. Akaahidi kujiuzulu iwapo na wengine wawili watajiuzulu, kisha tarehe 20 Machi 1415, mji mzima ukitazama mashindano ya wapanda farasi yaliyoandaliwa na rafiki yake Mwanamfalme Friedrich wa Austria, akavaa kama mtunza farasi akatoroka hadi Schaffhausen. Hesabu yake: papa akiondoka, mtaguso umekufa.

Kwa siku kadhaa ilikaribia kuwa hivyo. Watu wakaanza kufunga mizigo. Sigismund akapanda farasi akazunguka mitaani akiwahakikishia usalama, na Gerson akahubiri kwamba Kanisa lina kichwa kisichotoroka, yaani Kristo. Tarehe 6 Aprili ukapitishwa waraka maarufu kwa maneno yake ya mwanzo, *Haec sancta*: mtaguso huu unapata mamlaka yake moja kwa moja kutoka kwa Kristo, na kila mtu wa cheo chochote, hata cha upapa, anapaswa kuutii katika mambo ya imani, ya kumaliza farakano na ya marekebisho ya Kanisa. Friedrich akabanwa kijeshi akasalimu amri, Yohane akakamatwa, na 29 Mei akavuliwa cheo. Angalieni sababu zilizotajwa: kutoroka kwake, kuuza vyeo vya Kanisa, mwenendo wake. Hakuna palipoandikwa kwamba uchaguzi wake ulikuwa batili.

#12 Sheria Kwanza

Hapo ndipo utamu ulipo. Wangesema uchaguzi wake batili, basi na Pisa ni batili, na aliyeitisha Konstanz hana mamlaka, na Konstanz yenyewe inaporomoka. Walikuwa wanakata tawi la jirani bila kugusa lile walilokalia.

#13 Mzee wa Maktaba

Kabisa. Na kwa Gregori wakafanya kitu cha werevu zaidi. Mzee alikuwa tayari kujiuzulu, ila kwa sharti: hautambui mtaguso ulioitishwa na "Baldassarre Cossa". Basi 4 Julai 1415 Sigismund mwenyewe akakaa kiti cha mwenyekiti, ili isionekane kikao cha watu wa Yohane. Kardinali Giovanni Dominici akasoma hati ya Gregori ya kuuitisha mtaguso, mtaguso ambao umeshakaa miezi nane! Wakakubali kuitishwa. Kisha Carlo Malatesta, bwana wa Rimini, akasoma hati ya Gregori kujiuzulu. Gregori akapewa ukardinali na heshima zake, akafariki Oktoba 1417.

Kwa aliyeamini mstari wa Roma, mtaguso umeitishwa na papa halali na papa halali amejiuzulu kwa hiari. Kwa aliyeamini mstari wa Pisa, umeitishwa na papa halali na papa huyo amevuliwa kwa makosa yake. Kila mmoja alikwenda nyumbani na ukweli wake, na kiti kiko wazi kwa hesabu zote mbili.

Mlutheri wa Njombe, sasa ya kwako. Siku mbili baada ya tukio hilo, 6 Julai 1415, mtaguso huo huo ukamhukumu Jan Hus kama mzushi, akachomwa moto nje ya mji. Alikuja na hati ya usalama ya Sigismund. Mwenzake Jerome wa Praha akafuata 30 Mei 1416. Watu waliotumia sheria kwa werevu na upole wa namna ile kwa mapapa watatu hawakuwa na upole wowote kwa padre mmoja wa Bohemia, na Bohemia ikaingia vitani kwa miaka mingi. Sina cha kuwatetea hapo.

#14 Mlutheri wa Njombe

Asante kwa kusema wazi. Hus alikuwa akihubiri dhidi ya kuuza vyeo na rehema, na Cossa kavuliwa kwa kuuza vyeo. Mmoja kaishia motoni, mwingine?

#15 Mzee wa Maktaba

Mwingine alifungwa Ujerumani hadi 1419, Medici wakasaidia kumkomboa, akaenda Firenze akapiga magoti mbele ya papa mpya, akapewa ukardinali, akafariki Desemba mwaka huo. Kaburi lake liko ndani ya jengo la ubatizo la Firenze, kazi ya Donatello na Michelozzo, na limeandikwa Yohane XXIII "aliyekuwa papa".

Sasa amebaki Pedro de Luna. Sigismund akasafiri mwenyewe hadi Perpignan, Septemba 1415, kumsihi. Benedikto, mzee wa zaidi ya miaka 80, akamjibu kwa hoja ambayo hadi leo siachi kuistaajabia. Mnasema mapapa wote tangu 1378 wana shaka? Basi na makardinali wote waliowateua wana shaka. Kardinali asiye na shaka ni yule aliyeteuliwa kabla ya farakano, na aliyebaki hai ni mmoja tu, mimi, niliyeteuliwa na Gregori XI. Kwa hiyo mwenye haki ya kumchagua papa duniani ni mimi peke yangu.

Kimantiki, jibuni hilo. Konstanz hawakulijibu. Walimzunguka. Desemba 1415 huko Narbonne wajumbe wa Sigismund na wa mtaguso wakapatana na falme zilizomfuata, ili nazo ziingie Konstanz kama taifa la tano. Na 6 Januari 1416, Perpignan, aliyesimama kutangaza kwamba Aragon imeacha kumtii Benedikto ni Vinsenti Ferrer, muungamishi wake wa zamani. Mfalme Fernando wa Aragon, ambaye taji lake lilitokana kwa sehemu kubwa na juhudi za Benedikto na Ferrer mwaka 1412, ndiye aliyemwacha. Hapo ndipo Pisa na Konstanz zinapoachana. Pisa ilimhukumu kwanza, ikangoja wafuasi wamwache. Konstanz ilingoja hadi wafuasi wamemwacha, ndipo ikamhukumu, 26 Julai 1417. Aliapiza kutoka ngome ya Peñíscola, juu ya jabali la baharini, hadi alipofariki 1423. Makardinali wachache aliowaacha wakachagua mwingine, na huyo akajiuzulu 1429.

Uchaguzi nao ukafanywa kwa tahadhari. Kuwaachia makardinali peke yao ni kurudi 1378. Wakaingia makardinali 23 pamoja na wajumbe 30, sita kwa kila taifa, na mshindi alitakiwa apate theluthi mbili za makardinali na theluthi mbili za kila taifa pia. Mngedhani wangekaa mwaka. Waliingia kwenye ghala la wafanyabiashara kando ya ziwa 8 Novemba 1417, na 11 Novemba, sikukuu ya Mt. Martino, wakatoka na Oddone Colonna, Mroma, Martino V. Mwaka 1378 Waroma walitaka Mroma, wakampata baada ya miaka 39.

#16 Nyakato

Kwa hiyo mzee, leo mtaguso unaweza kumwondoa papa? Maana *Haec sancta* inasema hata papa atii.

#17 Sheria Kwanza

Naomba nichangie. Wanateolojia wanabishana hadi leo. Ukifuata mstari wa Roma, *Haec sancta* ilipita Aprili 1415, kabla Gregori hajauitisha mtaguso Julai, kwa hiyo si tamko la mtaguso halali. Wengine wanasema ilikuwa hatua ya dharura tu, kwa farakano lile. Wengine wanasema ni fundisho la kudumu. Papa Pio II mwaka 1460 alipiga marufuku kukata rufaa kutoka kwa papa kwenda kwa mtaguso, na Mtaguso wa Vatikano I wa 1870 ukafunga mlango kabisa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 332, inaruhusu papa kujiuzulu kwa hiari, bila hata kuhitaji mtu wa kukubali. Kuvuliwa, hapana. Benedikto XVI alipojiuzulu 2013, wa mwisho kabla yake alikuwa huyo huyo Gregori XII.

Ila Mzee, nakupinga kidogo. Unasema Konstanz ilifaulu kwa kulikwepa swali la uhalali. Mimi nasema ilifaulu kwa sababu ya upanga wa Sigismund. Bila yeye, Machi 1415 mchezo ulikuwa umekwisha.

#18 Mzee wa Maktaba

Upanga ulisaidia, sikatai, hasa kwa Friedrich wa Austria. Lakini Gregori hakujiuzulu kwa upanga, na Hispania haikutekwa. Na mfano wa upande wa pili upo. Konstanz ilipitisha Oktoba 1417 waraka wa *Frequens*, kwamba mitaguso iwe inakutana kwa ratiba: baada ya miaka mitano, kisha saba, kisha kila miaka kumi. Ndiyo iliyozaa Mtaguso wa Basel, 1431. Basel ikagombana na Papa Eugenio IV, na mwaka 1439 ikamvua cheo na kumchagua mtawala wa Savoia, Amedeo VIII, akaitwa Feliksi V. Hukumu ilitolewa kwanza, wafuasi wakasubiriwa baadaye, yaani Pisa tupu. Falme nyingi hazikumfuata, mwenyewe akajiuzulu Aprili 1449 na kupewa ukardinali.

Basel nitaifungulia uzi wake, maana ina mambo mengi: Wahusi (wafuasi wa Hus) walioalikwa kuja kujadiliana, Wagiriki waliokuwa wanagombaniwa na papa na mtaguso, wote wawili wakiwatumia meli Konstantinopoli. Mlutheri wa Njombe, ile ya Wahusi ukiwa na nafasi tuanze nayo.